Hivi redio za Dar zinashindana kweli, au ni kipindi kimoja kinachorushwa kwenye masafa tofauti?

MwanaWaKeko
Wakuu, salama?

Jana asubuhi natoka Tabata kwenda Posta nikanasa Buguruni. Foleni haisogei, muuza karanga kanipita mara mbili, na mara ya pili ananicheka. Nikaanza kuchezea redio. 88.5 wanajadili penalti ya juzi. Nikahamia 88.9, penalti. Nikarudi 88.1, tangazo la kubeti, nikasema afadhali, likaisha: penalti! Sauti ndizo zinatofautiana, na hata hizo sauti unazifahamu, maana huyu mwaka juzi alikuwa kule na yule wa kule alianzia hapa.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 Dar peke yake. Watu wote hao wanataka kusikia kitu kimoja saa tatu asubuhi? Nasema hivi: Dar hakuna ushindani wa redio. Kuna ushindani wa nani anapiga kelele zaidi juu ya jambo lilelile. Nipingeni.

KipanyaMchokozi
Nakupinga. Ile penalti haikuwa halali.

BintiTabata
Mleta mada una hoja ila umeianzia kichwani ukaacha miguu. Saa tatu asubuhi redio zote ni mpira, sawa. Saa nne hadi saa saba ni mapishi, mahusiano na mama mkwe. Saa tisa muziki na umbea wa wasanii. Jioni ni foleni na kuchambua siku. Hata ukimfunga mtu kitambaa machoni, kwa kusikiliza redio tu anakutajia saa ngapi. Hawajaigana vipindi tu, wameigana na saa.

MzeeWaZilipendwa
Vijana mnalalamikia utajiri. Sisi tumekua na RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja, nchi nzima. Mkiwa hamtaki mchezo wa Pwagu na Pwaguzi mnazima mnalala. Ukitaka muziki wa nje unavizia idhaa ya Kiingereza. Ilipoingia Radio One 1994, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipowapa leseni, mji ulipata wazimu. Ilikuwa mara ya kwanza tunasikia mtangazaji anacheka hewani kama yuko kijiweni.

KaraniMstaafu
Mzee wangu, shikamoo. Rekebisho dogo. TCRA haikuwepo 1994, ilianzishwa 2003. Wakati ule kulikuwa na Tume ya Utangazaji, iliyotokana na sheria ya 1993 iliyofungua milango kwa watu binafsi. Halafu Radio One hawakuwa peke yao, Radio Tumaini ya Jimbo Kuu la Dar nayo ni ya 1994. Clouds wamekuja mwishoni mwa miaka ya tisini.

MzeeWaZilipendwa
Marahaba. Tume, sawa, nimekubali. Uzee. Lakini wazimu wa mji ulikuwepo, hapo hunirekebishi.

NilikuwaMasoko
Ngoja niwape ya ndani kidogo. Nimefanya kazi idara ya masoko ya redio moja hapa mjini, siitaji, miaka minne. Mnadhani kipindi kinabuniwa na prodyuza? Kipindi kinabuniwa na mdhamini.

Mnaingia ofisi ya ajensi na karatasi yenu ya bei. Mezani kuna dada mmoja, kijana kabisa, ana bajeti za mtandao wa simu, sabuni, bia na kampuni ya kubeti. Mmoja huyo huyo! Anakuuliza swali moja: "Asubuhi mna michezo?" Ukisema hapana, asubuhi yetu ni vitabu na kilimo, anakupa maji ya kunywa na anakusindikiza mlangoni. Ukisema ndiyo, LPO, ile hati ya kuagiza matangazo, inatoka. Na akitoka kwako anakwenda kuuliza swali lilelile jengo la pili.

Sasa hesabu mwenyewe. Redio kumi zinamtongoza mdada mmoja. Zitaacha kuvaa shati moja?

Na hata hiyo LPO ikitoka, pesa mtaiona baada ya siku tisini, mia na ishirini, au mtalipwa kwa bidhaa. Mimi nimewahi kupewa kamisheni yangu kwa katoni za juisi. Mtaa mzima walidhani nimefungua duka.

KipanyaMchokozi
Juisi ya ladha gani mkuu?

NilikuwaMasoko
Embe. Mpaka leo sinywi.

MpigaDebe_Gmboto
Nyie watu wa Toyota IST na ofisi mnajadili, ila mnaoamua ni sisi. Abiria wa daladala hachagui redio, anachagua dereva. Na dereva anachagua kwa mambo mawili: kwanza isimletee usingizi, pili isimletee ugomvi. Siasa inaleta ugomvi. Mahubiri, nusu ya gari inafurahi na nusu inanuna. Muziki tu, abiria wanaomba wimbo kama wapo harusini. Mpira unawaweka wote wanabishana wao kwa wao, kondakta anakusanya nauli kwa amani. Huo ndio utafiti, sijalipwa na mtu.

Siku hizi hata hivyo madereva wengi wanaweka flashi. Redio inawashwa asubuhi kwa ajili ya habari na mpira, basi.

DogoWaMbagala
Mleta mada umesema hakuna tofauti, mbona hujaitaja EFM? 93.7 ilivyokuja 2016 ndiyo iliipa singeli heshima. Kabla ya hapo singeli ilikuwa ya vigodoro na harusi za uswahilini, redio kubwa hazikutaka hata kuigusa. Watoto wa Manzese na Tandale wakaanza kujisikia wenyewe hewani. Huo si ushindani? Na shindano lao la Shika Ndinga je? Watu wameshikilia gari kwa mikono, anayeachia anatoka, wa mwisho anaondoka nalo. Jirani yetu aliwahi kuingia, karudi nyumbani mkono umekufa ganzi, gari hana, ila mtaa ulimpokea kama shujaa.

KaraniMstaafu
2014, si 2016. Wewe unakumbuka 2016 kwa sababu ndio mwaka Gerald Hando na PJ walipohamia pale wakitokea Power Breakfast ya Clouds, mji mzima ukawa unaongelea hilo.

DogoWaMbagala
Sawa Karani. Ila hoja yangu imesimama. Majizzo, mwenye EFM, alikuwa DJ, akajua mtu wa Mbagala anataka nini. Wenzake walikuwa wanamtafutia mtu wa Masaki ambaye hana hata muda wa redio.

MwanaWaKeko
Dogo, sijaitaja kwa sababu siisikilizi. Kwenye gari langu haipatikani. Nadhani mnara wao haufiki huku kwetu.

FundiDeki_Kkoo
Subiri kwanza. Haipatikani? Tabata? Mkuu, gari gani hilo?

MwanaWaKeko
IST. Kwani?

FundiDeki_Kkoo
😂😂😂 Jamani uzi ufungwe.

Redio yenyewe ni ile iliyokuja nalo kutoka Japani?

MwanaWaKeko
Ndiyo, orijino kabisa, sijaigusa. Inaongea Kijapani nikiwasha gari.

FundiDeki_Kkoo
Sikilizeni somo la bure. Japani FM yao kwa miaka yote ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90. Kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari likishuka bandarini na redio yake ya kwao, linachosikia hapa ni kile kipande kidogo tu cha chini ya 90. Magari mapya kidogo yamesogezwa mpaka 95, ila hizi IST, Vitz na Raum za watu wengi, 90 ndio mwisho wa dunia.

Sasa angalia nani yupo chini ya 90: 88.1 East Africa Radio, 88.5 Clouds, 88.9 Wasafi. Zimepangana kama maduka ya simu Aggrey. Huyu ndugu yetu amekuja hapa kulalamika redio zote ni moja, kumbe gari lake linaishia mlangoni! 93.7 kwake haipo. Crown ya Alikiba, 92.1, kwake haijazinduliwa.

Dawa yake ni kale kadude tunakaita ekspanda, kanakaa kati ya waya wa antena na redio. Kanashusha masafa. Kakiwa ka 12, basi 93.7 unaipata kwenye 81.7, na 88.5 utaikuta 76.5. Ila nako kana mwisho: 90 ukijumlisha 12 ni 102, kwa hiyo aliye juu ya hapo, kama UFM ya 107.3, bado humpati. Hapo inabidi ubadilishe deki nzima.

KipanyaMchokozi
Mwana wa Keko umefanya utafiti wa bahari ukiwa ndani ya beseni.

BintiTabata
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "Mnara wao haufiki huku kwetu."

MwanaWaKeko
Chekeni tu. Nina gari hili mwaka wa tano na hakuna aliyeniambia.

Lakini Fundi, si ndiyo unaongeza uzito kwenye hoja yangu? Kama nusu ya magari ya mji huu yanaishia 90, basi anayepata namba ya chini ameshinda kabla hajafungua mdomo. Huo si ushindani wa vipindi, huo ni ushindani wa kiwanja.

FundiDeki_Kkoo
Hapo umesema kitu. Sijui ni nusu au robo, ila nikifungua deki kumi kwa wiki, wengi wao wanakuja kwa shida hiyohiyo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema redio fulani ni namba moja kwa sababu ya watangazaji wake, nacheka kimoyomoyo.

NilikuwaMasoko
Fundi hiyo ya magari ni kweli lakini usiikuze. Wenye IST ni wachache. Msikilizaji mkubwa wa Dar ni fundi cherehani, mama lishe, saluni na mlinzi wa usiku. Hao redio zao zinafika 108 bila tatizo. Na EFM walikua wakiwa 93.7 hiyohiyo.

BintiTabata
Na mimi nina redio ndogo ya jikoni, inashika zote. Nimezunguka leo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya uzi huu. Mpira bado upo kila nilipogusa. Kwa hiyo hoja ya mleta mada haijafa kwa sababu ya IST.

Mimi tatizo naliona kwa watangazaji. Dina Marios alikuwa Clouds na Leo Tena, akaenda EFM na Uhondo. Maulid Kitenge: Radio One, EFM, Wasafi. Hando: Clouds, EFM, Wasafi. Mtu akihama anahama na mdomo wake, utani wake, wasikilizaji wake, hata wageni wake wa kuwapigia simu. Redio mpya ikifunguliwa haibuni kitu, inatafuta nani mkataba wake unaisha. Halafu mnashangaa zinafanana? Ni watu haohao kwenye viti tofauti!

MzeeWaZilipendwa
Binti, hilo halikuanza jana. Radio One yenyewe ilijengwa na watu wa RTD. Julius Nyaisanga, Uncle J, alitoka RTD. Charles Hilary alitoka RTD, akapita Radio One, akaenda Ujerumani DW, akaenda London BBC, akarudi Azam. Wote wawili Mungu awarehemu. Ila angalia tofauti: wale walipohama walibadilika. RTD walisoma habari wamekaa kama wapo msibani, Radio One wakaachia roho. Hawa wa leo wanahama na kipindi chote mkobani.

JamboKutokaNairobi
Hamjambo ndugu zetu. Nimeufuata uzi huu nikiwa kwa matatu Thika Road, na nimetabasamu, kwa sababu hapa kwetu malalamiko ni tofauti. Huku asubuhi si mpira, ni ndoa. Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i wa Classic 105 walishika mji miaka mingi kwa kuuliza nani amemwacha nani, na wengine wakafuata nyayo.

Lakini tuna mlango ambao nyinyi hamna. Kameme ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, soko lilipasuka. Leo kuna Inooro, Ramogi na nyingine tele. Kwa hivyo redio ya Nairobi ikibanwa kwa Kiswahili na Kiingereza, mwenyewe anafungua ya lugha ya kwao na anapata matangazo yake. Nyinyi nyote mnapigania Kiswahili kimoja. Lazima mgongane.

KaraniMstaafu
Karibu jirani. Umegusa jambo. Huku leseni inataka Kiswahili au Kiingereza. Redio ya Kisukuma au Kichaga hakuna. Wengine wetu tunaona ndiyo busara, hasa tukikumbuka Rwanda 1994 na redio ilivyotumika. Ila gharama yake kibiashara ndiyo hiyo uliyosema: lugha haiwezi kuwa uzio, basi kila mmoja anajenga uzio kwa lafudhi. Huyu Kiswahili cha ushuani chenye kuchanganya, huyu cha Mbagala, yule cha taarifa ya habari.

DogoWaMbagala
Karani leo umenikubali bila kunirekebisha mwaka. Nimeweka kumbukumbu.

ChifuWaMatamasha
Nyote mnahesabu hela ya matangazo kama ndiyo hela. Mimi nafunga majukwaa na spika, nimezunguka mikoa nao wote. Redio hapa mjini ni kipaza sauti cha tamasha. Clouds wana Fiesta, Wasafi wana festivali yao, EFM wanakwenda bar kwa bar na Muziki Mnene. Mwezi mzima kabla, kila kipindi kinauza tiketi bila kusema kinauza tiketi. Msanii anahojiwa kwa sababu yumo kwenye orodha.

Ndiyo maana wasanii nao wakaona bora waruke dalali. Diamond kafungua yake, Alikiba kafungua yake. Ukiwa na mnara wako humbembelezi mtu apige ngoma yako. Mkisema redio zinashindana, angalieni viwanjani, msiangalie kwenye deki.

NilikuwaMasoko
Chifu nusu kweli. Tamasha linaingiza fedha za msimu, mishahara ni kila mwezi. Nimeona tamasha lililojaa uwanja na bado mwezi uliofuata tulilipwa nusu.

ChifuWaMatamasha
Ulilipwa juisi.

MwanamuzikiAsiyejulikana
Kwa kuwa mmefika kwa wasanii, nami niseme langu. Nilipeleka wimbo kwenye redio moja, jina naliacha. Nikapokelewa vizuri, nikaambiwa wimbo mkali, "sasa utatuwezeshaje?" Nikatoa elfu hamsini, nauli ya mwezi. Wimbo ulipigwa mara moja, saa tisa usiku. Najua kwa sababu nilikesha siku nne. Mama yangu niliyemwamsha ausikie alisikia kipande cha mwisho, mtangazaji akaongea juu yake.

BintiTabata
Pole kaka. Weka kiungo tuusikie mchana.

MchambuziWaNamba
Swali ambalo hakuna aliyeliuliza: nani anajua redio ipi inasikilizwa? Kila moja inajitangaza namba moja, na zote hazisemi uongo. Mmoja ni namba moja Dar, mwingine kwa vijana, mwingine asubuhi tu, mwingine kwa kufikia mikoa. GeoPoll wanauliza watu kwa simu zao, ukijibu unapata salio kidogo. Wengine huenda nyumba kwa nyumba na dodoso. Mtu akiulizwa jana alisikiliza nini, hataji alichosikiliza, anataja jina alilolizoea. Mama lishe anasikiliza redio ya fundi wa jirani siku nzima na hajui inaitwaje!

Kwa hiyo mwenye jina kubwa anabaki na jina kubwa, mdada wa ajensi anapeleka hela kwenye jina, na mdogo ili apate hela anaiga mwenye jina. Hapo ndipo penalti yako ilipozaliwa.

MamaWaGenge_Temeke
Nami nasema, mmehesabu redio zote mkazisahau tunazosikiliza watu wazima. Radio Maria haina tangazo la biashara hata moja, inaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Kuna Tumaini, kuna Wapo, kuna za Kiislamu. Mimi genge langu lipo karibu na msikiti, mchana naweka sauti ndogo, jirani yangu Hajati naye anapunguza ya kwake, tunasikilizana. Mwana wa Keko akisema zote ni mpira, anasema zote anazozifungua yeye.

MwanaWaKeko
Mama shikamoo, hapo umenipiga.

MtuWaMuscat
Nipo Muscat mwaka wa saba, nazisikiliza kwa programu ya simu. Foleni ya Ubungo naijua kuliko barabara ya nyumbani kwangu hapa. Juzi nimechelewa kazini nikamwambia bosi kuna ajali Kimara. Kuhusu mada: kwa intaneti hakuna 88 wala 93, zote ziko sawa, na bado nafungua ileile niliyoizoea tangu nipo Ilala. Sijui hilo mnaliweka kwenye hoja ipi.

MpigaDebe_Gmboto
Weka kwenye hoja ya dereva. Huko dereva ni wewe.

MwanaWaKeko
Wakuu, nimerudi na ripoti. Jana nilishuka Kariakoo, kijana mmoja akanifungia ekspanda, elfu ishirini na tano, dakika kumi na tano. (Fundi, kama ni wewe, ulikuwa umevaa jezi, sikutaka kukuuliza.)

Jioni mke wangu kapanda, kaona 76.5, akanitazama. "Hii ndiyo redio gani tena, ya wapi?" Nimemweleza habari ya Japani kuanzia Buguruni mpaka Tabata Relini, hakuamini.

Leo asubuhi nikaitafuta 93.7 kwenye 81.7 kama nilivyoelekezwa. Ikaja safi. Nimepata singeli mbili mfululizo, nikasema eeh, Dogo ana haki yake. Ya tatu ikakatwa katikati, mtangazaji akaingia.

Penalti.

KipanyaMchokozi
Na wao wamesema haikuwa halali?

FundiDeki_Kkoo
Jezi ya rangi gani kwanza, tujue kama ni mimi.